Kavanoma iliyovuja damu: kupasuliwa au kusubiri, kuuguzia Lamu au Malindi

Daktari akishatamka kwamba ni kavanoma, familia huwa na maswali mawili mbele yake. La kwanza huulizwa hospitalini: mgonjwa apasuliwe kichwa, au asubiri huku akifuatiliwa? La pili huzuka siku ya kuruhusiwa: arudi kwao Lamu, au akae kwanza Malindi kwa jamaa? Nimemuuguza mdogo wangu kwa maradhi haya, na nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki na watu wa pwani ya Kenya wenye maswali hayohayo. Wengi hulijibu la pili kana kwamba halina uhusiano na la kwanza. Uhusiano upo, tena mkubwa, ndiyo maana nayaweka pamoja hapa.

Kwanza ujue ni kitu gani. Kavanoma ni fundo la vimishipa vya damu vilivyotanuka, kuta zake nyembamba mno, vimesongamana kama tunda la forosadi ndani ya ubongo au uti wa mgongo. Nyingine ni ya milimita chache, nyingine hufika sentimita kadhaa. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya 200 hadi 600 anayo, na wengi huzeeka nayo bila kujua. Damu ndani yake hupita polepole, kwa msukumo mdogo, kwa hiyo ikivuja mara nyingi huwa kidogo kuliko ile ya ateri iliyopasuka kwa presha. Ndiyo maana wengi huokoka uvujaji wa kwanza. Mwili huifyonza damu hiyo kwa wiki kadhaa, lakini hubaki chembe za chuma pembezoni mwa fundo, na chuma hicho huukera ubongo. Kifafa cha wagonjwa wengi chanzo chake ni hapo.

Kwetu mtu akianguka ghafla, mkono ukalegea na maneno yakapinda, neno la kwanza ni presha. Si neno la kipuuzi, kwani presha ndiyo sababu kubwa ya damu kuvuja kichwani. Ila kijana ambaye presha yake ni ya kawaida, akavuja damu kichwani, asirudishwe nyumbani na vidonge vya presha peke yake. CT, picha ya eksirei ya kompyuta, huonyesha damu mbichi vizuri, lakini kavanoma yenyewe inaweza kuipita. MRI, picha ya mashine ya sumaku, ndiyo huiona, na hata hiyo wakati mwingine hulazimu kurudiwa baada ya miezi kadhaa, damu ikishapungua, kwa sababu damu nyingi huificha. Kwa mtu wa Lamu, MRI maana yake ni safari ya Mombasa au Nairobi. Ukishapigwa, dai CD na ripoti yako uondoke nazo, na picha ya ripoti ibaki kwenye simu za watu wawili nyumbani. Mgonjwa akianguka saa nane usiku, daktari wa zamu aliyemwona kwa mara ya kwanza atakuwa na pa kuanzia.

Kupasuliwa na kusubiri

Mizani ya swali hili ni hatari ya kuvuja tena. Mwaka 2016 jarida la Lancet Neurology lilitoa uchambuzi uliojumlisha wagonjwa 1,620 kutoka tafiti kadhaa, wote wakiwa wamefuatiliwa bila kutibiwa kavanoma yenyewe. Aliyegunduliwa bila kuvuja wala kudhoofika kiungo, na kavanoma yake iko nje ya shina la ubongo (sehemu ya chini inayoungana na uti wa mgongo), uwezekano wake wa kuvuja ndani ya miaka 5 ulikuwa karibu asilimia 4. Ikiwa iko kwenye shina la ubongo lakini haijavuja, asilimia 8. Aliyekwisha kuvuja nje ya shina, asilimia 18. Aliyekwisha kuvuja kwenye shina, asilimia 31. Umri, jinsia na wingi wa kavanoma havikuongeza chochote kwenye hesabu hiyo.

Basi kabla ya kuuliza kama mgonjwa wako apasuliwe, jua yuko kundi gani kati ya hayo manne. Nimeona mama wa mtoto wa kundi la asilimia 4 akilia kana kwamba mwanawe hatavuka mwaka, na nimeona mzee wa kundi la asilimia 31 akiambiwa na wanawe kwamba imeshapita, arudi baharini. Wote wawili walikuwa na haki ya kuelezwa namba yao. Jambo jingine la kushika ni kwamba uvujaji huwa na tabia ya kufuatana. Hatari iko juu zaidi katika miaka 2 ya kwanza baada ya damu kuvuja, kisha hushuka. Miaka hiyo 2 nitairudia nikifika Lamu na Malindi.

Upasuaji una fadhila moja ambayo kusubiri hakuna: kavanoma ikitolewa yote, hiyo haivuji tena. Hatari yake huibeba kwa mkupuo, siku ya meza na wiki zinazofuata. Kwa kavanoma iliyo karibu na uso wa ubongo, mbali na sehemu za maneno na za mkono, iliyokwisha kuvuja au inayomwangusha mtu kifafa, mimi nauona upasuaji kuwa chaguo la busara, na nisingependa familia iukatae kwa hofu ya neno "kichwa" tu. Kwa wenye kifafa hasa, wengi huacha kuanguka wakipasuliwa mapema, kabla kifafa hakijaota mizizi, na daktari akiondoa pia ule ukingo wenye chuma pale inapowezekana.

Shina la ubongo ni habari nyingine kabisa. Hapo ndipo zinapopita njia zote za kutembea, kumeza, kupumua na kuzungusha macho, katika sehemu yenye unene wa kama kidole gumba. Wengi wanaopasuliwa hapo huamka wakiwa na hali mbaya kuliko waliyoingia nayo, kisha huimarika kwa miezi, na baadhi hubaki na upungufu. Kwa hiyo mwongozo uliotolewa na wataalamu wa Marekani mwaka 2017 unaelekea kuukubali upasuaji wa shina baada ya uvujaji wa pili wenye dalili, kwa kuwa hapo maradhi yenyewe yamekuwa makali kuliko kisu. Kwa uvujaji wa kwanza uamuzi ni mgumu zaidi. Ukiambiwa "tutapasua kesho" kwa kavanoma ya shina, na mgonjwa ametulia, omba maoni ya daktari wa pili. Muulize wa kwanza, kwa adabu, amewahi kupasua ngapi za mahali hapo. Daktari mzuri hachukii swali hilo.

Na kwa kavanoma iliyoonekana kwa bahati, haijavuja, haijamwangusha mtu? Acha. Ifuatiliwe.

Kusubiri nako kuna kazi zake. Kuna dawa za kifafa za kila siku, presha kupimwa, miraa na muguka kuachwa kwa sababu hupandisha presha na kukatiza usingizi, na picha kurudiwa kwa ratiba ya daktari na kila dalili mpya inapotokea. Uzito wake mkubwa uko moyoni. Aliyepasuliwa ana kovu lakini ana tarehe anayoweza kusema yaliisha siku ile. Anayesubiri kila kichwa kikiuma hujiuliza kama ndiyo hiyo, na mkewe akimwita chumbani, yeye asipoitika mara moja, mke naye roho humruka. Hili usilidharau unapopima. Kuna watu wanaomudu kuishi hivyo, na kuna ambao wasiwasi huwala kuliko maradhi. Daktari hawezi kulijua hilo kwa picha, lazima mumwambie.

Wengi huuliza kama kuna mtu aliyewahi kurudi kwenye uzima kamili. Alberto Contador, mwendesha baiskeli wa Hispania, alianguka mbioni kule Asturias mwaka 2004, akakutwa na kavanoma, akapasuliwa, na mwaka 2007 akashinda Tour de France. Naye Florence Griffith Joyner, mkimbiaji wa Marekani, alifariki usingizini mwaka 1998, umri miaka 38, kwa kuanguka kifafa, na uchunguzi ukaonyesha alikuwa na kavanoma. Nawataja wote wawili kwa makusudi. Wa kwanza humpa mtu nguvu. Wa pili ni sababu ya kutochezea dawa za kifafa hata pale damu haivuji.

Je, kuna utafiti uliowapambanisha waliopasuliwa na waliosubiri, kila mgonjwa akipangiwa upande wake kwa kura? Uingereza na Ireland zilifanya jaribio la awali, CARE, lenye wagonjwa 72, na matokeo yakatoka 2024. Lilionyesha kwamba jaribio la namna hiyo linawezekana, lakini watu 72 ni wachache mno kumtangaza mshindi. Kwa hiyo anayekuambia upasuaji ndio dawa pekee, au anayekuambia kisu hakifai kamwe, anasema kwa nguvu ambayo elimu haijampa.

Upasuaji wa mionzi, usiofungua fuvu, nitaupitia kwa ufupi. Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina mashine ya CyberKnife, na watu husikia wakadhani ni njia rahisi kwa kila mtu. Mionzi haiiondoi kavanoma. Manufaa yake, pale yalipoonekana, huchukua kama miaka 2 kujitokeza, na inaweza kuuvimbisha ubongo pembeni. Mwongozo wa 2017 huifikiria kwa kavanoma ya pekee, iliyokwisha kuvuja, iliyo mahali ambapo kisu ni hatari kupita kiasi. Kwa wenye kavanoma nyingi za kurithi hauishauri. Dawa ya propranolol nayo ilijaribiwa Italia kwa watu 83 wenye kavanoma za kurithi, majibu yakatoka 2023: ilivumilika vizuri, ila wagonjwa walikuwa wachache mno kuthibitisha kwamba inazuia kuvuja. Usiinunue dukani kwa kusikia.

Jambo la aspirini huwasumbua sana wazee wenye maradhi ya moyo. Zamani kila mwenye kavanoma alikatazwa. Uchambuzi uliochapishwa 2019 haukukuta kwamba wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wanavuja zaidi. Waliozitumia walivuja kidogo kuliko wasiozitumia. Hiyo haifanyi aspirini kuwa tiba ya kavanoma. Maana yake ni kwamba mzee aliyeandikiwa na daktari wa moyo asiiache kwa uamuzi wa jirani. Daktari wa ubongo na wa moyo wazungumze.

Lamu na Malindi

Hapa ndipo ile miaka 2 inapoingia. Upasuaji wa ubongo hufanyika Mombasa na Nairobi. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni takriban kilomita 120 za lami kupitia Kilifi, na gari laweza kufika mlangoni saa yoyote. Kutoka Lamu ni zaidi ya kilomita 300, na kabla ya hapo kuna bahari: boti hadi Mokowe ndipo uanze barabara ya Witu na Garsen, au boti hadi uwanja wa Manda ndipo upande ndege, tena ndege yenyewe ya mchana. Barabara hiyo imetengenezwa, shukrani, lakini kwa miaka mingi usalama wake umewafanya watu waepuke kusafiri usiku. Mgonjwa akizidiwa baada ya Isha, Hospitali ya King Fahd hapohapo mjini ndiyo itakayomshika hadi alfajiri. Itampa oksijeni, itazuia kifafa, itatuliza presha. Kumfungua fuvu ni jambo la Mombasa.

Kwa hiyo kwenye dharura Malindi imeishinda Lamu, na sioni haja ya kulipamba. Ningemweka Malindi mgonjwa aliyevuja ndani ya miaka 2 kwenye shina la ubongo na hajapasuliwa, na mgonjwa ambaye kifafa chake bado hakijadhibitiwa, na yule anayengoja tarehe ya upasuaji. Pia yule aliyetoka kupasuliwa, kwa wiki za mwanzo. Baada ya fuvu kufunguliwa hubaki hewa kidogo ndani, nayo hutanuka mtu akiwa angani. Asipande ndege mpaka aliyempasua amruhusu, na barabara ya kutwa nzima ikifuatiwa na boti haimfai mtu mwenye kidonda kichwani.

Dharura si maisha yote, lakini. Siku nyingi za mgonjwa wa kavanoma ni siku za kujifunza upya kutembea, kusema, kushika na kukumbuka, na kwa hizo Lamu ina mambo ambayo Malindi hununui kwa fedha.

Nitatoa mfano wa maneno. Mdogo wangu alipovuja, ulimi ulimwia mzito, akawa anajua anachotaka kusema na neno haliji. Malindi tulikaa nyumba ya shangazi, nyumba nzuri, ila mchana kila mtu yuko kazini na yeye na televisheni. Tuliporudi Lamu alikaa barazani. Kila apitaye humsalimu, na salamu za Lamu hazitoshi kwa neno moja: habari za asubuhi, za nyumbani, za mama, za watoto, afya, umelalaje. Yeye lazima ajibu, na anayemsalimu humngoja. Mtaalamu wa matamshi angeyaita mazoezi. Kwao ilikuwa ni ujirani. Kahawa ikija, muuzaji alimtilia nusu kikombe, akimtazama vidole. Kikombe cha kahawa chungu hakina mkono; lazima ukishike kwa vidole vitatu, ukinyanyue, usikimwage. Mwanzo kilitetemeka mpaka kahawa ikamfika kwenye kifundo cha mkono. Akaanza upya na kikombe kitupu, kisha robo, na yule muuzaji hakuchoka wala hakumcheka.

Upande wa kutembea kila mji una mitego yake. Lamu haina msururu wa magari, lakini vichochoro ni vyembamba, mawe yake hayalingani, mitaro iko wazi, na punda aliyebeba mchanga haombi njia. Usita wa Mui, njia kuu ya mji, saa nne asubuhi si mahali pa mtu anayeona vitu viwiliviwili. Nyumba za mawe za Mkomani nazo ngazi zake ni kali, na watu hulala juu. Mshusheni mgonjwa alale chini, hata kama ni kukihamisha chumba cha wageni, na mfunge kamba imara au ubao wa kushikia pembeni ya ngazi. Kwa mazoezi hakuna mahali pazuri kama barabara ya pwani baada ya Alfajiri, kabla ya punda na mikokoteni, pamesawazika na kuna pa kukaa kila baada ya hatua kadhaa. Malindi ni tambarare, tuktuk hufika mlangoni, na hilo ni neema kwa mwenye mguu mzito. Ila bodaboda za mjini zinatisha. Anayechelewa kugeuza shingo, au anayesikia kizunguzungu, asivuke barabara peke yake. Anayeona viwiliviwili afunikwe jicho moja kwa kitambaa wakati wa kutembea na kusoma, na daktari wa macho amwone.

Gharama? Malindi utalipa pango au utakuwa mgeni wa watu, na mgeni wa miezi mingi hujiona mzigo hata akiambiwa siyo. Lamu nyumba ni yako, lakini kila kliniki ni safari, na safari ni ya watu wawili kwa sababu mgonjwa haendi peke yake. Hakikisheni usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali, uko hai kabla hamjaanza kuzunguka, maana kuurekebisha ukiwa kwenye dirisha la hospitali Mombasa ni adha ambayo mgonjwa hastahili.

Ukiniuliza niamue: kavanoma iliyovuja mahali pabaya, au kifafa kinachokuja bila mpango, Malindi mpaka mambo yatulie, hata kama mgonjwa analilia kwao. Kavanoma iliyokwisha kutolewa salama, au isiyo kwenye shina na kifafa kimetulia kwa dawa, Lamu, na mapema iwezekanavyo. Kumbakisha mtu ugenini kwa ajili ya hofu ambayo imekwisha kupungua ni kumnyima dawa.

Mkandaji na mazoezi

Kuna ubishi mwingine nyumbani, mdogo lakini wa kila siku. Bibi anataka mkandaji aje na mafuta ya simsim, daktari ameandika mazoezi ya viungo. Kukandwa hulegeza misuli iliyokakamaa, hutuliza maumivu, na humpa mgonjwa saa nzima ya kuguswa kwa upole. Siuonei haya. Lakini mkono uliokandwa umetendewa, haukutenda. Ubongo hujifunza upya kwa kurudiarudia kitendo chenyewe: kufunga kifungo cha kanzu, kuzungusha kikoi, kumenya ndizi, kuinuka kitini bila kusukumwa. Mara nyingi kwa siku, hata kama ni vibaya. Ikiwa muda au fedha hutosha kimoja tu, chukua mtaalamu wa mazoezi akufundisheni, kisha myafanye wenyewe nyumbani. Mkandaji aje baadaye. Na shingo isivutwe wala kuvunjwavunjwa na mtu yeyote.

Aliyevuja kwenye shina anaweza kukosa kumeza sawasawa. Hapo usimpe maji kwa mafunda makubwa. Hospitali impime kumeza kwanza, kisha akae wima, apewe uji mzito kwa kijiko kidogo kama watakavyoelekeza, kabla hajarudishiwa wali na samaki.

Na uchovu. Huu hauonekani, na ndio unaovunja nyumba. Mtu ameamka, amekula, amesema na wageni wawili, kisha saa tano yuko kama aliyebeba magunia gatini. Si uvivu na wala si kukata tamaa, ubongo unafanya kazi ya ziada kwa kila jambo dogo. Alale mchana. Wageni wapangwe, hata kama ni vigumu kumwambia mtu wa Lamu asiingie kumjulia hali mgonjwa. Akilia bila sababu, au akinyamaza wiki nzima, daktari aambiwe, kwa maana huzuni baada ya kuvuja damu ni sehemu ya maradhi na ina tiba.

Dawa, kisomo na Ramadhani

Mtu akianguka akitukutika, kuna watakaosema ni jini. Sina neno na kisomo wala kombe. Mtu asomewe, imani ni nguvu. Ninachoomba ni kwamba kidonge cha kifafa kisikosekane hata siku moja kwa sababu ya kisomo, kwani kukatiza dawa ghafla huleta mianguko mfululizo. Anapoanguka mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni. Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, ni hospitali. Vivyo hivyo kichwa kikiuma kwa ghafla na ukali usio wa kawaida, kutapika, uso kupinda, maneno kukwama, kiungo kulegea.

Ramadhani inahitaji mashauri kabla haijaandama. Dawa za mara mbili kwa siku, kama levitirasetamu, daktari anaweza kuzipanga kwenye futari na daku. Tatizo huwa usingizi. Tarawehe, kukesha, daku, kazi asubuhi, na kukosa usingizi huchokoza kifafa kuliko njaa yenyewe. Ambaye kifafa chake hakijatulia asifunge. Qur'ani, sura ya 2 aya ya 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na kuikataa ruhusa hiyo mbele ya watoto wanaomhitaji si ucha Mungu zaidi.

Wanawake waulize jambo jingine. Valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Mwambie daktari mapema unatarajia nini. Kavanoma peke yake haimzuii mwanamke kushika mimba wala kujifungua kwa njia ya kawaida.

Kazi nazo zipimwe bila haya. Mwenye kifafa kisichotulia asikwee mnazi, asizamie pweza, asiwe nahodha, asiendeshe bodaboda. Kwa familia ya wavuvi hili ni pigo, najua. Kushona nyavu, kuuza samaki mnadani, kuhesabu mapato ya chombo ni kazi za bahari zilizo nchi kavu, na zina heshima yake.

Mwisho, itazameni ripoti ya MRI kama inataja kavanoma moja au nyingi. Nyingi mara nyingi huwa za kurithi, na jeni tatu zinajulikana: CCM1, CCM2 na CCM3. Mzazi mwenye jeni hiyo humpa kila mtoto uwezekano wa nusu kwa nusu. Hapo ndugu na watoto watajwe kwa daktari, hasa yeyote aliyewahi kuanguka au anayeumwa kichwa kisichoeleweka, na kila mmoja aamue mwenyewe kama anataka kupigwa picha. Aliye mzima na asiyetaka kujua, msimlazimishe.